Shajara ya mradi: jalada la filamu la kuombea shule ya sanaa, kutoka mwalo wa Igombe

Juni: masharti kabla ya kamera

Mwezi huu hakuna kamera iliyowashwa. Kilichofanyika ni kusoma masharti ya shule, kuyapanga kwenye jedwali moja na kuamua jalada, yaani mkusanyo wa kazi ambao mwombaji anautuma shuleni, litabeba nini. Waombaji ni wa kidato cha tatu na cha nne kutoka Ilemela na Nyamagana, Mwanza, na kila mmoja anatengeneza jalada lake. Shajara hii inafuatilia jalada lililowatangulia mengine, lenye filamu fupi ya waanika dagaa wa mwalo wa Igombe, mahali mitumbwi inaposhushia samaki, kwa sababu limepita kwenye karibu kila kikwazo ambacho wengine watakutana nacho.

Shule za sekondari za sanaa zenye fani ya filamu na habari huomba vitu vinavyofanana: filamu fupi iliyotengenezwa na mwombaji mwenyewe, mara nyingi isiyozidi dakika tano, kurasa chache za skripti, michoro ya shoti au picha mnato, maelezo ya mwombaji kuhusu nia yake, barua za walimu, ripoti za shule, kisha usaili. Tofauti zimejificha kwenye vipengele vidogo. Shule moja inataka kiungo cha video, nyingine inataka faili lipakiwe kwenye fomu yake. Moja inakubali filamu ya kikundi alimradi useme wewe ulifanya nini, nyingine inataka kazi ya mtu mmoja. Vipengele hivyo ndivyo vinavyoingia kwenye jedwali, kila shule na safu yake. Maneno ya jumla ya utangulizi hayana kazi hapo.

Aina ya shule nayo iangaliwe mapema. Los Angeles County High School for the Arts, kwa mfano, ni ya umma na haina ada, lakini mwanafunzi lazima awe mkazi wa kaunti hiyo. Zaidi ya hapo, sheria ya Marekani inamruhusu mgeni mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, kusoma sekondari ya umma kwa muda usiozidi miezi 12, tena kwa kulipa gharama kamili. Kwa hiyo wa kutoka Mwanza anabaki na shule binafsi za bweni kama Interlochen ya Michigan au Idyllwild ya California. Hata huko kuna mlango mwingine: amri ya Marekani iliyoanza kutumika 1 Januari 2026 iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizosimamishiwa viza mpya, za wanafunzi zikiwemo. Mzazi asilipe ada ya maombi kabla ya kuhakikisha hali ya viza ikoje siku hiyo.

Nyumbani, njia inayoeleweka ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na kuwa wakala wa serikali mwaka 2007. Hii ni ya baada ya kidato cha nne, na matokeo ya NECTA ndiyo yanayofungua mlango.

Uamuzi wa mwezi: jalada moja linaloweza kwenda popote, filamu ya dakika nne, na mwombaji awe ndiye mwandishi, mpiga picha na mhariri. Wenzake wanaruhusiwa kushika maiki na kubeba stendi, na majina yao yanaandikwa mwishoni.

Julai: wazo na skripti

Mawazo ya kwanza ya waombaji yalifanana mno: ugomvi wa mapenzi, jambazi mwenye bastola ya plastiki, mzimu wa usiku. Tuliyaweka pembeni yote, na sababu ni ya kikazi. Hadithi ya jambazi inadai waigizaji wazima, magari na taa, na mahali vinapopungua panaonekana haraka. Anayepitia maombi hatafuti bajeti. Anatafuta kijana anayejua aweke kamera wapi, akate lini na asikilize nini. Jambo dogo la pwani ya ziwa, likitazamwa kwa makini, linamwonyesha hayo yote, na sisi tunaliamini hilo kwa dhati.

Wazo lilipimwa kwa maswali matatu. Je, mwombaji anaweza kurudi mahali hapo mara nyingi bila nauli kumshinda? Je, kuna kitu kinachobadilika ndani ya saa chache? Je, ukizima sauti, mtazamaji bado anaelewa nini kinaweza kupotea?

Dagaa wa Igombe walipita maswali yote. Mama mmoja anapokea dagaa alfajiri, anawaanika, anawageuza, wingu linajitokeza, anawahi kuwakusanya. Dagaa wakinyeshewa kabla ya kukauka wanaharibika, na wakinusurika wanaishia kuuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha kuku. Mvutano umo ndani ya kazi yenyewe, hauhitaji kuongezewa.

Skripti imeandikwa kwa mpangilio wa kawaida wa filamu, herufi za Courier ukubwa wa 12, ambapo ukurasa mmoja ni takriban dakika moja ya filamu. Kosa linalojirudia kwenye rasimu za vijana ni kuandika mawazo yasiyoonekana: "Mama anakumbuka shida za mwaka jana." Kamera haipigi kumbukumbu. Rasimu iliyokubaliwa inasema: "Mama anatazama juu. Anaacha kugeuza. Anatazama turubai lililokunjwa." Vitendo vitatu, na hofu imeshafika.

Ruhusa zilianza kufuatiliwa mwezi huu huu, maana ndizo zinazochelewesha. Mwaloni unaanza na uongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, na mtendaji wa mtaa. Upande wa serikali, afisa utamaduni wa wilaya ndiye wa kumwona kuhusu kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, inayosimamiwa na Bodi ya Filamu. Nenda na barua ya shule yenye muhuri, inayoeleza kwamba hii ni kazi ya mwanafunzi. Droni imefutwa kwenye mpango: inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, uwanja wa ndege wa Mwanza uko ufukweni humo humo Ilemela, na filamu hii haina shoti hata moja inayodai kupigwa kutoka angani.

Agosti: vifaa na majaribio

Kamera ni simu. Inatosha, ila isiachiwe ijiamulie. Mpangilio uliofungwa kwa mradi mzima: ubora wa 1080p, fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, lenzi kuu pekee, kuvuta kwa kidijitali marufuku.

Fremu 25 zina sababu yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukishuti kwa fremu 30 na shata 1/60 ndani ya banda lenye taa ya umeme, picha inapitiwa na mistari myeusi inayotembea, na hakuna programu inayoiondoa vizuri. Kwenye iPhone, fremu 25 zinatokea baada ya kuwasha fomati za PAL kwenye mipangilio ya kamera. Android nyingi hazina chaguo hilo kwenye kamera yake ya kawaida, hivyo tunatumia programu za bure kama Open Camera au, kwa simu zinazoikubali, Blackmagic Camera.

Tatizo la shata 1/50 ni jua. Lenzi ya simu nyingi haina tundu linalofungwa, kwa hiyo mchana picha inaungua, yaani inakuwa nyeupe kwa mwanga kuzidi. Ukiiachia simu, itapandisha shata hadi 1/1000 au zaidi, na mikono inayogeuza dagaa itaonekana ikirukaruka badala ya kutiririka. Dawa ni kichujio cheusi cha kubana mbele ya lenzi. Asiye nacho ashuti asubuhi mapema na jioni, akiwa na kivuli karibu.

Kuhusu saa za mwanga: Mwanza iko takriban nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, na jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi kutegemea mwezi. Mwishoni mwa Septemba jua linapita utosini karibu saa 6 na dakika 40 mchana. Wakati huo kila uso una mashimo meusi machoni, na mchanga unarudisha mwanga mkali. Ratiba kwa hiyo inakaza kazi kuanzia macheo hadi kama saa 3 na nusu, kisha inarejea saa 10 jioni.

Majaribio ya sauti ndiyo yaliyokula muda, na tunashauri kila mwombaji ayape muda kama huo. Maiki za kifuani za bei nafuu zinazouzwa mjini ni za aina mbili zinazofanana kwa macho. Tazama plagi: yenye mistari miwili myeusi imetengenezwa kwa kamera na rekoda, yenye mitatu ni ya simu. Ukichomeka ya mistari miwili kwenye simu, simu inarekodi kwa maiki yake ya ndani bila kukuonya, na utagundua nyumbani. Kila kabla ya kushuti, kwaruza maiki kwa ukucha, kisha sikiliza kwa hedifoni. Kama hakuna mkwaruzo mkubwa kwenye rekodi, maiki haisomi.

Upepo wa ziwa ni adui wa pili. Asubuhi unatoka nchi kavu kwa utulivu, lakini jua likipanda unageuka na kuvuma kutoka ziwani, na sifongo nyeusi inayokuja na maiki haiuzuii. Unahitaji kifuniko cha manyoya. Kipande cha zulia la manyoya kilichoshonwa kwa mkono kinafanya kazi ile ile. Maiki ikae umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, chini ya ukingo wa khanga lakini isiguse kitambaa kinachosogea. Kiwango cha sauti kizunguke desibeli −12. Kikigonga 0 maneno yanapasuka na hayarudi. Rekodi kwa 48 kHz.

Tulijaribu pia nguvu na nafasi. Video ya mpangilio huu, kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, inachukua kama MB 150 kwa dakika, yaani GB 9 kwa saa. Simu iwe kwenye hali ya ndege, power bank iwe mfukoni, na kati ya shoti simu ifunikwe kwa kitambaa cheupe, maana juani inapata joto na kujizima katikati ya tukio.

Septemba: kushuti Igombe

Ratiba imefuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hailali majini na mwaloni hakuna cha kuanika. Anayepanga kwa kalenda ya ukutani peke yake atakuta mchanga mtupu.

Kwa mama mwenye dagaa, mwombaji alifika bila kamera kwanza. Shikamoo, kujieleza, kusaidia kubeba beseni, kisha kuomba. Fomu ya ridhaa ni ya Kiswahili, nusu ukurasa, ikisema video itaonyeshwa wapi na kwamba anaweza kukataa wakati wowote. Inasomwa kwa sauti kabla ya kusainiwa au kuwekwa dole gumba. Mtoto akionekana kwa karibu, mzazi wake anasaini. Hakuna kumwambia mama arudie kazi inayompotezea mali. Dagaa wakishageuzwa wamegeuzwa. Kamera ndiyo inayosubiri zamu ijayo.

Mpangilio wa kila tendo ni shoti tano: pana inayoonyesha mtu na mahali, ya kati, mikono, uso, na kile anachokitazama. Kila shoti inashikwa sekunde 10 kamili bila kusogeza kamera, hata kama itatumika mbili. Vijana wengi wanazima mapema, tendo linapoonekana limekwisha, na mezani, wakati wa kuhariri, wanakosa sehemu ya kukatia. Kamera pia inabaki upande mmoja wa mstari kati ya mama na ziwa. Ukivuka, kwenye shoti inayofuata anaonekana amegeuka ghafla na mtazamaji anapotea.

Mwanga wa uso ndio ulioleta mjadala. Nyuma ya mama kuna ziwa linalong'aa, na simu ikiachiwa inapima ziwa, uso unakuwa kivuli kitupu. Gusa skrini kwenye shavu, funga mwanga na fokasi, halafu angalia kama anga limeungua. Likiungua, usiongeze giza kwenye uso. Sogea wewe, weka mchanga au ukuta wa banda nyuma yake. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga wa pembeni, wa saa 1 hadi saa 2 asubuhi, na gunia jeupe la unga lililotandazwa chini upande wa pili linatosha kurudisha mwanga shavuni. Dagaa wenyewe ni kinyume chake: magamba yanameremeta na kuungua, hivyo shoti zao zinapunguzwa mwanga kidogo.

Shoti bora ya mradi ilitoka hapo. Lenzi iko sentimita 20 juu ya wavu, vidole vinapita chini ya dagaa na kuwapindua kwa mkupuo, magamba yanabaki yamenata mgongoni mwa mkono na kwenye bangili. Kwenye hedifoni unasikia tofauti: wabichi hawatoi sauti, waliokauka wanachakacha. Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika kwamba muda kwenye filamu utapimwa kwa sauti hiyo, na saa haitaonyeshwa kabisa.

Futa lenzi kwa kitambaa cha pamba kila baada ya shoti chache. Mafuta ya dagaa na vijitone vya ziwa vinatengeneza ukungu ambao kwenye skrini ndogo huuoni, lakini jua likiingia picha nzima inapauka. Na kabla ya kuondoka mahali popote, kila mtu ananyamaza na sauti ya mahali inarekodiwa sekunde 60: maji, kunguru, injini ya mtumbwi kwa mbali. Bila hiyo, kila mkato utasikika kama mlango unaofungwa.

Wingu lilikuja, mvua za mwanzo zikiwa zimekaribia. Ukusanyaji ulishutiwa kwa mkono, bila stendi, viwiko vikibanwa mbavuni, kwa kuwa mahali pengine pote kamera imetulia na hapa kutikisika kuna maana.

Oktoba: mezani

Kabla ya chochote, nakala mbili: moja kwenye diski ya nje, moja kwenye kompyuta ya shule. Kadi haifutwi hadi zote mbili zimefunguliwa na kuchezwa.

Uhariri unafanyika kwenye DaVinci Resolve ya bure. Weka fremu 25 kwenye mipangilio ya mradi kabla ya kuingiza klipu ya kwanza, kwa sababu baadaye haibadiliki. Kompyuta ya RAM GB 8 inakwama. Tengeneza nakala nyepesi za klipu na uhariri kwa hizo. Simu nyingi hurekodi kwa fremu zinazoyumba, 24.8 hapa na 25.1 pale, na mazungumzo marefu yanaachana na midomo taratibu. Pitisha klipu kwenye HandBrake ukichagua fremu zisizobadilika, 25, kisha ndipo uingize.

Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu karibu mara mbili ya lengo. Iliyopunguzwa kwanza ni mahojiano. Mama alikuwa ameeleza vizuri sana kuhusu bei na mvua, lakini kila alipoeleza, picha ilikuwa imeshasema. Yamebaki maneno machache juu ya shoti ya turubai. Tumemshauri mwombaji atunze yaliyokatwa. Usaili unaweza kuuliza kwa nini yalikatwa, na jibu lake lina uzito.

Muziki: wimbo wa redioni haukubaliki, hata sekunde kumi. Una mwenyewe, hakimiliki zinasimamiwa na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na mitandao ya video huuzuia kiotomatiki, hivyo mpokeaji anaweza kufungua kiungo akakuta filamu isiyo na sauti. Filamu hii imebaki na sauti za mwaloni tu. Kwa wengine wanaotaka muziki, mpiga zeze wa jirani akirekodiwa kwa ridhaa ya maandishi anatosha, na anatoka hapa hapa Usukumani.

Maandishi ya tafsiri chini ya picha: mistari isiyozidi miwili, kila mmoja herufi zisizozidi 42, ukae angalau sekunde moja na uondoke pale shoti inapokatwa. Yamechomwa ndani ya picha kabisa. Faili la pembeni linapotea njiani.

Faili la mwisho: MP4, H.264, 1080p, megabiti 12 kwa sekunde, sauti AAC 48 kHz. Dakika nne zinatoa kama MB 360. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde, hiyo ni karibu dakika 24, kwa hiyo kupakia kunafanyika usiku au asubuhi sana, na bando lihesabiwe kwa mara mbili, endapo itakatika.

Novemba: karatasi, maelezo, usaili

Majina ndiyo yanayoangusha watu. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, usajili wa NECTA, pasipoti na fomu ya maombi viwe na majina matatu yale yale, kwa mpangilio ule ule na tahajia ile ile. Panapotofautiana, kiapo cha majina kinaandaliwa sasa, si wiki ya mwisho. Pasipoti inagharimu shilingi 150,000, na aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi.

Barua za walimu ziombwe mapema, na mwalimu apewe filamu aione kwanza. Barua inayosema "mwanafunzi huyu ana nidhamu na bidii" haisaidii kitu. Inayosema alirudi mwaloni mpaka akapata shoti ya kugeuza, na kwamba alikata mahojiano aliyoyapenda, inasaidia.

Maelezo ya mwombaji yana maneno 500. Rasimu zilizorudishwa zilianza na "tangu utotoni napenda filamu". Iliyokubaliwa inaanza na uamuzi mmoja: kwa nini wingu linaonekana usoni mwa mama kabla halijaonekana angani. Kila aya inayofuata inaeleza uamuzi mwingine na sababu yake.

Kwa usaili wa mtandaoni, andika saa kwa mfumo wa saa 24 na eneo lake. Novemba, baada ya Marekani kurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya mwezi, California iko nyuma yetu kwa saa 11 na Michigan kwa saa 8: saa 09:00 ya California ni 20:00 Mwanza. Barua ikisema "saa 3" pekee, mwombaji na familia yake wataelewa nyakati mbili tofauti. Simu ijazwe chaji, laini ya pili iwe na bando, na pawe na taa isiyotegemea umeme wa ukutani. Mazoezi yanaendelea kwa maswali matano, na gumu zaidi ni hili: ungeondoa shoti gani leo? Anayejibu "hakuna" anarudishwa kuitazama filamu yake upya.

Kilichobaki: skripti na michoro ya shoti kuwekwa kwenye PDF moja isiyozidi MB 10; kiungo cha video kujaribiwa kwenye simu ambayo haijawahi kuingia kwenye akaunti ya mwombaji, kwa sababu kiungo kilichofungwa kinafunguka vizuri kwa mwenyewe na kumkatalia mgeni; na nakala ya filamu kupelekwa Igombe kwenye kadi, mama aione kabla shule yoyote haijatumiwa.